Usituletee mabua yako yote

Kila mavuno yakiisha tunaulizwa swali lilelile: nikiwaletea mabua yote ya shamba mnigeuzie kuwa bayocha, si udongo wangu utapata kaboni nyingi zaidi? Kazi yetu ni kuchoma mabaki ya mazao kwa hewa kidogo yawe mkaa wa kurudishwa shambani, ndio hiyo bayocha, kwa hiyo jibu lenye faida kwetu ni "ndiyo, lete". Jibu sahihi ni "lete baadhi", na hesabu yake si ngumu.

Tani moja ya mabua makavu ina kama kilo 450 za kaboni. Ukiyatia kiberiti palepale shambani, karibu yote hupaa hewani pamoja na sehemu kubwa ya naitrojeni, nawe unabaki na majivu. Ukiyaacha yaoze, bakteria na kuvu huyala, na kwa kuwa nao hupumua, kaboni nyingi hutoka kama hewa ukaa ndani ya mwaka mmoja au miwili. Miaka kadhaa baadaye, udongoni hubaki kiasi cha asilimia 10 hadi 20, yaani kilo 45 hadi 90. Tanurini, karibu nusu ya kaboni hupotea siku hiyohiyo. Nusu nyingine, kilo 225 hivi, huwa mkaa ambao vijidudu hushindwa kuuvunja kwa urahisi, na ukichomwa vizuri sehemu kubwa yake hudumu kwa mamia ya miaka. Ule udongo mweusi wa bonde la Amazon bado una mkaa ulioachwa na wakulima walioishi huko kabla ya Wazungu kufika.

Kwa kuhifadhi kaboni, basi, tanuri limeshinda. Lakini shamba haliishi kwa kaboni iliyohifadhiwa tu. Mabua yanapoliwa ndipo vijidudu hutoa utomvu unaoshikanisha chembe za udongo, minyoo hupata chakula, na madini yaliyokuwa kwenye majani hurudi kwa zao linalofuata. Mkaa hauwezi kufanya kazi hiyo kwa sababu ileile inayoufanya udumu: hauliki kirahisi. Tena mabua yakitandazwa huzuia matone ya mvua yasipige udongo uchi. Wataalamu wa kilimo hifadhi hutaka angalau asilimia 30 ya uso wa shamba iwe imefunikwa, na mkaa uliofukiwa haufuniki kitu. Ukituletea mabua yote leo, unaweza kuongeza kaboni kwenye karatasi huku mvua ikikuondolea udongo wa juu wenye kaboni uliyokuwa nayo tangu zamani.

Mabua nayo yana kero yake. Mabua ya mahindi yana kaboni karibu mara 60 ya naitrojeni, wakati vijidudu hutaka chakula chenye uwiano wa kama 24 kwa 1. Upungufu wanaufidia kwa kuchota naitrojeni ya udongo, na mimea michanga hugeuka njano. Ukiyachanganya na mabaki ya mikunde au samadi, tatizo hupungua sana.

Tunachopokea kwa mikono miwili ni magunzi, pumba za mpunga, vifuu vya nazi, mabua yenye viwavi au magonjwa ambayo hutaki yalale shambani, na chochote ambacho ungekichoma moto hata hivyo. Viwe vikavu. Mzigo mbichi tunaurudisha, maana hutoa moshi mzito na gesi ya methani, na methani hupasha dunia joto kuliko hewa ukaa yenyewe.

Usitarajie muujiza wa msimu mmoja. Udongo wa hekta moja, kwenda chini sentimita 20, una uzito wa takriban tani 2,600. Kila asilimia moja ya kaboni ni tani 26. Zile kilo 225 ukizimwaga hekta nzima hutaziona hata kwenye kipimo. Ndiyo maana tunashauri mkaa uuweke kwenye mashimo ya kupandia au kwenye mistari, karibu na mizizi, baada ya kuuchanganya na samadi au mboji na kuuacha wiki chache. Mkaa mkavu ukiingia peke yake unaweza kushika naitrojeni ambayo mmea uliitaka.

Pima pia uchachu wa udongo kabla ya kununua. Bayocha nyingi hupunguza tindikali, na matokeo mazuri zaidi yameonekana kwenye udongo mchachu na uliochoka wa nchi za joto. Kama udongo wako tayari una magadi au chokaa nyingi, kuongeza mkaa kunaweza kuufanya mmea ukose chuma na zinki. Huko hatukuuzii, endelea na mboji na matandazo.

Na ukipeleka sampuli maabara, uliza wanapima kaboni kwa njia gani. Kipimo cha Walkley-Black, kinachotumika sana kwa kuwa ni rahisi, hutumia kemikali ambayo hushindwa kuuvunja mkaa wote, hivyo kaboni ya bayocha huonekana pungufu. Kipimo cha kuunguza sampuli kavu kwa joto kali huikamata, ila kwenye udongo wenye chokaa huhesabu na kaboni ya chokaa isipoondolewa kwanza. Chagua kimoja na ukitumie mwaka hadi mwaka. Wakija wateja na karatasi mbili za njia tofauti, huwa hatuna la kuwaambia.