Barua ya Wazi kwa Wanaokirudia Kitabu cha May Sarton

Wanangu wapendwa,

Nimefurahi kusikia kwamba shajara ya May Sarton, mshairi na mwandishi wa Marekani, iitwayo Journal of a Solitude (yaani Shajara ya Upweke), iliyochapishwa mwaka 1973, imerudi mikononi mwenu. Naomba mnivumilie niseme neno kuhusu namna ya kuisoma, kwa kuwa naona wengi wenu mnashika kurasa za maua, bustani na ukimya wa asubuhi, mkaziruka zile za hasira.

Msiziruke, maana kwa ajili ya hizo ndipo kitabu kikaandikwa. Mwaka 1968 Sarton alikuwa amekwisha kutoa kitabu kingine, Plant Dreaming Deep, kilichosimulia jinsi alivyonunua nyumba kuukuu katika kijiji cha Nelson, jimbo la New Hampshire, akaishi humo peke yake. Wasomaji wakakipenda mno, wakaamini kwamba amepata utulivu usio na doa. Sifa hizo zilimsumbua, kwani alijua ni mangapi aliyoyaacha nje. Ndipo Septemba 1970, akiwa na umri wa miaka 58, akaanza kuandika kwa muda wa mwaka mmoja habari za ghadhabu, huzuni nzito, mapenzi yaliyokuwa yakielekea kuvunjika, na wageni aliowatamani kisha wakamchosha. Kuisahihisha taswira yako mwenyewe mbele ya watu walewale walioisifu ni ujasiri mkubwa, na mimi nauthamini kuliko kule kuishi peke yake.

Kwa hiyo anayetaka kumfuata asianze kwa kuwakimbia jamaa zake. Sarton alijibu barua, alipokea marafiki, alisafiri kusoma mashairi yake, na kazi ya kuandika ndiyo iliyoipa siku yake utaratibu. Tena alikuwa na nyumba yake na hakuwa na mtoto wa kulea. Mwenye wadogo wanaomtegemea asijilaumu akipata saa moja tu, mradi saa hiyo aandike yaliyomo moyoni bila kuyapamba, hata yale anayoyaonea haya.

Nanyi mliokisoma mkiwa vijana mkakiona kitabu cha manung'uniko, kifungueni tena sasa, muanze na kurasa mlizozipita haraka. Mkimaliza, tafuteni na kile cha 1968, mkisome baada ya shajara, ili mwone kwa macho yenu alichokuwa amekinyamazia.

Ndimi bibi yenu.