Barua ya Wazi kwa Vijana wa Kisumu Mnaoandaa Antigone

Wanangu, nawasalimu, na hasa ninyi wasichana mnaogombea nafasi ya Antigone.

Tamthilia hii ya Sophocles ilichezwa Athens yapata mwaka 441 kabla ya Kristo, na wanaume ndio walioigiza sehemu zote, hata ya msichana huyu, nyuso zao zikiwa ndani ya vinyago. Ina mtego mmoja mkubwa: kumfanya Creon, mtawala mpya wa Thebes, mjinga wa kufoka tangu anapoingia. Akiwa hivyo, Antigone hana cha kukaidi.

Anachokaidi ni amri inayosikika kuwa ya busara. Thebes imetoka vitani. Ndugu wawili, kaka zake Antigone, wameuana langoni: Eteocles akiulinda mji, Polynices akiwa ameleta jeshi la kigeni kuuvamia. Mtawala mpya anatangaza kwamba msaliti asizikwe wala asililiwe. Wengi katika hadhira yenu wangekubaliana naye. Kwa hiyo hotuba hiyo ya kwanza isemwe kwa utulivu, kama ya mtu anayeupenda mji wake. Mlinzi anapoleta habari kwamba maiti imefunikwa vumbi, Creon anauliza ni mwanamume gani aliyethubutu. Msiikate kauli hiyo, maana hata hajawazia mwanamke. Ukali uanze anapomjua mkaidi kuwa ni Antigone. Ndipo anapoapa kwamba akiwa hai hatatawaliwa na mwanamke, na baadaye kumwambia mwanawe Haemon, mchumba wa Antigone, kuwa ni heri kuangushwa na mwanamume kuliko kuitwa dhaifu mbele ya wanawake. Hapo amri haiwalindi tena watu wa Thebes, inalinda uso wa Creon. Hadhira isipouona mgeuko huo, mmepoteza kazi. Na kijana anayekataa nafasi hii akihofia kuchukiwa akumbuke kwamba Mandela aliigiza Creon alipokuwa mfungwa Robben Island.

Ismene, dada yake Antigone, si mwoga. Amewapoteza wazazi, sasa kaka wawili, na anahesabu waliobaki: wawili tu. Mpeni mwigizaji mwenye nguvu sawa na Antigone. Akiwa dhaifu, onyesho la kwanza linakuwa mahubiri ya mtu mmoja.

Vumbi sasa. Tumieni udongo mkavu uliochekechwa, konzi mbili zinatosha, na utandazeni juu ya gunia ili jukwaa lisiteleze. Unga wa ngano huelea hewani na kuwakohoza walio mbele. Udongo umwagwe kutoka chini ya kiuno, polepole. Halafu mimina kinywaji cha tambiko mara tatu kutoka kwenye mtungi, kama mlinzi anavyosimulia. Antigone asizungumze wakati huo.

Nasikia mnataka kuleta tero buru ya Waluo, desturi ya kukifukuza kifo mtu anapofariki. Kama lazima, iwe ya Eteocles, mwanzoni kabisa, kwa kuwa yeye ndiye aliyezikwa kwa heshima zote. Mkimfanyia Polynices, mmempa hadharani kile kile alichonyimwa, na msichana hana tena sababu ya kufa.

Kuna jambo zito zaidi. Watu wa huku watakumbuka kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno. Alifariki Desemba 1986, mjane wake Wambui akataka kumzika Matasia, karibu na Ngong, ukoo wa Umira Kager ukamtaka Nyalgunga, Siaya. Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi Mei 1987. Kishawishi cha kumvika Antigone sura ya Wambui ni kikubwa. Kipingeni. Wote wawili walisimama mbele ya wanaume wenye mamlaka juu ya maiti ya mpendwa wao, lakini Wambui alitegemea sheria ya nchi dhidi ya mila, ilhali Antigone anategemea haki ya jamaa na miungu ya wafu dhidi ya sheria ya nchi. Mkiwachanganya, mtaigeuza hoja yake kichwa chini. Iacheni kesi ije yenyewe akilini mwa watazamaji, nanyi fanyeni mjadala baada ya onyesho.

Ipo pia kauli ya Antigone anapokaribia kuondoka jukwaani, kwamba asingefanya haya kwa ajili ya mume wala mtoto, kwa kuwa hao hupatikana wengine, ila kaka hapatikani tena wazazi wakishakufa. Waelekezi wengi huikata kwa kuona inamshusha. Naomba muiache. Anatafuta sababu akiwa njiani kuelekea pangoni atakakofungiwa akiwa hai, na hofu yake ndiyo inayomfanya binadamu.

Akishaondoka, hatumwoni tena, na mchezo bado una sehemu kubwa. Hapa ndipo mazoezi huwa machache na watazamaji huanza kuchungulia simu. Gaweni muda upya: theluthi moja ya mazoezi iende kwa Haemon, mtabiri kipofu Tiresias na Mjumbe. Mjumbe asikimbie. Baada ya onyo la Tiresias, wazee wa mji walimwambia Creon amtoe msichana kwanza, kisha amzike Polynices. Yeye akaanza na maziko, akafika pangoni Antigone amekwisha kujinyonga. Mjumbe ataje mpangilio huo waziwazi, maiti kwanza na pango baadaye, kisha atulie kidogo kabla ya kuendelea na kifo cha Haemon. Vifo hivyo visionyeshwe jukwaani. Eurydice, mke wa Creon, anasikiliza yote na kuingia ndani bila kusema neno, kwa hiyo awekwe mahali ambapo uso wake unaonekana hadi safu ya nyuma.