Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Alazwe, au Atibiwe Akitokea Nyumbani?

Ndugu wanachama,

Mwaka huu swali moja kuhusu ndugu aliyezama kwenye pombe au dawa za kulevya limetufikia kuliko mengine yote, kwa simu, kwa ujumbe, na hata kwa mtu kukuvuta pembeni kikao kikiisha: "Mwenyekiti, nimpeleke wapi?" Anayeuliza maji yamemfika shingoni, na mara nyingi jibu tayari analo: apate nyumba yenye geti, kijana akae humo miezi kadhaa, arudi ameshapona. Kamati iliamua kwamba kazi yetu kubwa iwe kulijibu swali hilo vizuri, kwa hiyo hapo ndipo nitakapokaa. Mengine nitayagusa tu.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo familia nyingi huyachanganya. Kumvusha mtu arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa kilevi ulichokizoea, ni jambo moja, kumtibu uraibu ni jingine. Arosto ya heroini huanza saa chache baada ya dozi ya mwisho, hupamba moto siku ya pili au ya tatu, na kwa kawaida hupungua ndani ya siku kumi. Inatesa vibaya, lakini kwa mtu mzima mwenye afya ni nadra yenyewe kuua. Pombe ndiyo ya kuogopwa zaidi. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, akiacha ghafla, anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, kisha kuchanganyikiwa, kutetemeka, kuona visivyokuwepo na moyo kwenda mbio. Hali hiyo inaua. Vivyo hivyo kwa aliyezoea dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu. Nawaomba sana: asifungiwe mtu chumbani "mpaka pombe imtoke". Apelekwe kwa daktari, apewe dawa za kumshusha taratibu na vitamini B1.

Huyo ndiye mgonjwa wa kwanza kustahili kitanda. Wengine ni mwenye mawazo ya kujiua au ugonjwa mwingine wa akili ulio mkali, asiye na pa kukaa, anayeishi na watu wanaotumia, na yule ambaye tiba ya kwenda na kurudi imeshajaribiwa kwa dhati ikashindikana. Mwenye kazi, mwenye watu wanaomsimamia na ambaye hana hatari hizo anaweza kutibiwa akilala kwake. Tiba hiyo nayo ina ngazi. Iko ya kuonana na mnasihi mara moja kwa wiki, na iko ya nguvu, ya saa tisa au zaidi kwa wiki, ambayo mtu huihudhuria mchana au jioni kisha akarudi nyumbani. Wengi wetu hudhani kulazwa ni tiba kali zaidi na kliniki ni tiba ya wasio na uwezo. Sikubaliani. Geti humtenga mtu na kilevi kwa muda, wakati kliniki humfundisha kuishi jirani nacho, na kuishi nacho jirani ndiko kunakomsubiri kwa vyovyote vile.

Wajumbe wetu walitembelea nyumba kadhaa za kupata nafuu. Katika mojawapo, ambayo sitaitaja, tulionyeshwa jalada la mkaazi aliyekuwa anatoka wiki ile. Lilikuwa limejaa: tarehe ya kuingia, uzito, kazi za usafi, hata makosa ya utovu wa nidhamu. Ukurasa wa mwisho, "Baada ya kutoka", ulikuwa mweupe. Tukamuuliza msimamizi kijana ataonana na nani wiki inayofuata, akajibu, "Akitoka hapa ameshapona." Jibu hilo ni la hatari, na nitasema kwa nini.

Mwili uliokaa wiki kadhaa bila heroini hupoteza ule uzoefu wake. Dozi aliyoibeba bila shida kabla ya kuingia ndiyo inayoweza kumzima pumzi siku ya kurudi. Ndiyo maana siku za kwanza nje, iwe ni kutoka nyumba ya tiba au gerezani, hubeba vifo vingi vya kuzidisha dozi. Familia zijue naloksoni, dawa inayorudisha pumzi ikiwahiwa, na ziulize mahali inapopatikana kabla mtu wao hajatoka.

Hapo linaingia suala la methadoni, dawa anayopewa mraibu wa heroini badala ya heroini, lililotugawa mkutano uliopita. Kuna aliyesema ni kumtoa mtu kwenye ulevi mmoja na kumtia kwenye mwingine. Naheshimu uchungu wake, lakini ushahidi hauko upande wake. Vincent Dole na Marie Nyswander waliianzisha tiba hii New York katika miaka ya 1960, na mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliingiza methadoni na buprenofini, dawa nyingine ya kazi hiyo hiyo, katika orodha yake ya dawa muhimu. Dozi moja iliyopimwa, anayoinywa mbele ya muuguzi, humshikilia mtu siku nzima bila arosto, akaenda kazini na kulea. Anayebaki kwenye tiba ana nafasi kubwa zaidi ya kubaki hai. Nyumba inayomwambia mgonjwa aache methadoni ndipo apokelewe, mimi nisingempeleka ndugu yangu.

Kwa pombe zipo dawa za naltreksoni, akamprosati na disulfiramu. Kwa kokeini na methamfetamini hakuna dawa ya kutegemewa hadi sasa, ila mpango wa kumpa mtu zawadi ndogo kila kipimo cha mkojo kinapotoka safi umeonyesha matokeo mazuri. Baadhi yenu mlicheka nilipoyasema haya, na mimi nilicheka mara ya kwanza nilipoyasikia. Vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha kilevi, vya mfano wa Alcoholics Anonymous, vilivyoanza Marekani mwaka 1935, havina ada na huendelea hata baada ya tiba kwisha. Hatuna sababu ya kuvipuuza.

Hesabu za chama zitasomwa na mweka hazina. Vikao vya familia viliendelea, ingawa akina baba bado ni wachache mno.

Kamati inaleta hoja moja ya kupigiwa kura: chama kisimwelekeze mwanachama kwenye nyumba au kliniki yoyote kabla haijajibu kwa maandishi nani ni daktari wake, inafanya nini mtu akipata degedege usiku, kama inaruhusu methadoni, kama ndugu wanaruhusiwa kumwona mgonjwa, na nani humfuatilia anapotoka. Karatasi ya maswali hayo mnayo mkononi. Mwenye nyongeza aiandike nyuma yake na kumpa katibu kabla ya kura.