Shokapu ya mtumba haipimwi kwa kubonyezwa

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu watoto wangu hawajaanza shule, na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Makosa madogo nimeyaona nikayapita. Lakini ile makala ya wiki jana kuhusu kununua shokapu zilizotumika za magari madogo imenishinda kunyamazia. Mwandishi wenu anasema mnunuzi aibonyeze shokapu hadi chini, na ikirudi juu yenyewe basi ni nzima. Halafu anaongeza kwamba kama iliyokufa ni ya upande mmoja, hakuna haja ya kugusa upande wa pili.

Mimi nilifuata ushauri huo huo, neno kwa neno, kabla hamjauandika. Gari langu dogo lilikuwa likidunda nyuma. Nikaenda kwa muuzaji wa spea za mtumba, akanitolea shokapu nyeusi, safi, inang'aa. Akaibonyeza mbele yangu, ikapanda polepole, akaniambia, "Mzee, hii bado mbichi kabisa." Fundi akafunga hiyo moja, ya upande wa pili akaiacha ile ya zamani, nami nikaondoka nimeridhika. Wiki ya 3 nilikuwa nateremka mlima na binti yangu wa miaka 9 akiwa kiti cha nyuma. Mvua ilikuwa imekatika punde, barabara imejaa mikunjo mikunjo. Lori la mbele likasimama. Nilipokanyaga breki, pua ya gari ilizama, mkia ukainuka, magurudumu ya nyuma yakaanza kurukaruka, na gari likapiga ubavu hadi mtaroni. Mkanda ulimzuia binti yangu asirushwe mbele, lakini alijigonga mdomo kwenye mlango, jino la mbele likakatika. Ni jino la ukubwani, halioti tena. Kila anapocheka nalikumbuka lile neno "mbichi".

Fundi mwingine aliifungua ile shokapu, akaibana kwenye jiliwa ikiwa imesimama wima, akaivuta na kuisukuma mwendo wake wote. Katikati palikuwa na pengo la kama vidole vitatu ambapo fimbo yake, ile inayoingia na kutoka, ilipita bila kukutana na ukinzani wowote. Akakwangua rangi nyeusi. Chini yake kulikuwa na michirizi ya oili iliyoganda na vumbi kuanzia kwenye sili, ule mpira unaozuia oili isitoke, hadi chini. Kwa hiyo ilikuwa imevuja siku nyingi, mtu akaiosha, akaipulizia rangi, akaiweka mezani. Rangi ile haikupakwa kwa ajili ya kutu, Mhariri. Ilipakwa ili mimi nisione. Na hicho kipimo cha kubonyeza ndicho kilichompa muuzaji nafasi, kwa sababu kinachoirudisha juu shokapu ya gesi ni mgandamizo wa gesi tu. Gesi inaweza kuwa bado imo ilhali vali za ndani zimelegea na oili imepungua. Kinyume chake, shokapu ya oili isiyo na gesi hairudi juu hata ikiwa nzima. Yaani kipimo mlichowapa wasomaji kinaweza kupitisha mbovu na kukataa nzima! Uzito wa gari unabebwa na springi. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi, kwa kusukuma oili kwenye vitundu vidogo hadi ule mtikisiko ugeuke joto, ndiyo maana ukiigusa baada ya barabara mbovu unaikuta ina moto. Ikishindwa, gurudumu linaruka, na gurudumu lililo hewani halina breki wala halisikii usukani. Makala yenu yote ilizungumzia starehe ya abiria. Neno breki sikuliona hata mara moja.

Za mbele ni hatari zaidi. Katika magari madogo mengi shokapu ya mbele ndiyo nguzo inayosimamisha gurudumu, ule mtindo wa MacPherson ambao Ford waliuweka kwenye gari lao la Consul mwaka 1950 na karibu kila mtu akaufuata. Ikitoka kwenye gari lililogongwa, fimbo ikapinda hata kidogo tu, alaimenti, yaani unyofu wa magurudumu, haitakaa sawa na tairi litaliwa.

Na hapa nikuambie la matairi, maana nayo mmeyanyamazia. Shokapu mbovu ilinilia tairi mbili kwa mabaka mabaka, nikaenda kununua nyingine, nikaletewa zilizotumika zimepakwa dawa nyeusi hadi zinateleza mkononi. Nilipotafuta zile tarakimu 4 ubavuni nikakuta 2309, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2009. Meno yalikuwa marefu, lakini mpira ulikuwa umekauka na kupasuka nyufa. Ni ujanja ule ule: kitu kilichozeeka kinapakwa weusi kinaitwa kizuri.

Sisemi mtu asiye na uwezo asinunue mtumba. Nami sina uwezo mkubwa. Ninachotaka ni hiki. Shokapu yoyote iliyotumika iuzwe bila rangi. Iuzwe jozi, kushoto na kulia, zilizotoka kwenye gari moja, na kilometa za gari hilo ziandikwe kwenye kipande cha bati kilichofungwa kwa waya, kwa sababu kuna watengenezaji wanaoshauri shokapu zibadilishwe kwenye kilometa 80,000 hivi, na mnunuzi ana haki ya kujua amebakiwa na nini. Isimamishwe wima, ivutwe na kusukumwa mwendo wote mara 10, kisha ilale usiku mzima juu ya kitambaa cheupe, wima vile vile. Asubuhi mnunuzi akague kitambaa kwanza, halafu apitishe ukucha kwenye fimbo kutoka juu hadi chini. Ukucha ukikwama kwenye kutu au mkwaruzo, aiache hapo hapo, maana mkwaruzo huo utaikata sili. Asiyekubali kungoja usiku mmoja asiuziwe.

Nanyi mchapishe masahihisho ukurasa ule ule, kwa herufi zenye ukubwa ule ule, kabla msomaji mwingine hajaenda kubonyeza. Shokapu yangu sijaitupa. Imesimama kwenye beseni nyuma ya nyumba, rangi imekwanguliwa nusu, na bado inarudi juu yenyewe ukiibonyeza. Mwandishi wenu akitaka, aje aibonyeze.

Msomaji wenu wa miaka mingi