Si kila mkojo unaochoma ni UTI sugu

Mhariri,

Mimi ni mkunga mstaafu, naishi Chumbageni hapa Tanga. Naomba nafasi niwaulize matabibu wetu na wenye maduka ya dawa: mwanamke wa miaka hamsini na ushei akija kulalamika kwamba mkojo unamchoma, mbona hamumuulizi hedhi yake ilikoma lini?

Wifi yangu ana miaka 56, anakaanga samaki. Tangu mwaka juzi amekuwa mtu wa dozi. Mkojo unachoma, chini ya kitovu panauma, usiku halali kwa kwenda chooni, na kukutana na mumewe kumekuwa adhabu. Zahanati walimpa sipro, vidonge vya antibiotiki. Aliporudi, sindano za siku tano. Aliporudi tena akaambiwa hiyo sasa ni UTI sugu. Wauza mitishamba nao wakamwambia kizazi kichafu, ajioshe kwa shabu na ndimu. Ngozi imeshachubuka, unaitia ndimu!

Nikamwambia alete daftari lake. Majibu ya mwisho: nitraiti (dalili ya bakteria kwenye mkojo) hakuna, chembe nyeupe chache, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba mkojo umeoteshwa maabara kuona kama kuna bakteria. Lakini dawa kaandikiwa.

Homoni ya estrojeni haifanyi kazi kwenye kizazi peke yake. Uke, mrija wa mkojo na sehemu ya chini ya kibofu vyote vinaitegemea. Ikiwapo ya kutosha, ukuta wa uke huwa mnene na wenye sukari inayowalisha bakteria wazuri, nao hutengeneza asidi inayowazuia wale wa haja kubwa. Hedhi ikikoma homoni inashuka, ngozi inakuwa nyembamba na kavu, asidi inapungua. Hapo mkojo unaweza kuchoma hata bila mdudu yeyote, na mdudu naye akija anapata pa kukaa. Ukimpa mama huyo antibiotiki tupu, unafukuza mwizi na mlango unauacha wazi.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1993 watafiti Raz na Stamm walichapisha matokeo ya wanawake 93 waliokwisha koma hedhi na waliokuwa wakiugua UTI mara kwa mara. Waliotumia krimu ya estrojeni ukeni waliugua kwa wastani mara 0.5 kwa mwaka. Waliopewa krimu isiyo na dawa, mara 5.9.

Mabinti nao wasisahauliwe. Anayeumwa nyonga na kuchomwa na mkojo kila hedhi inapokaribia, mpeni kalenda aweke alama kabla ya kumpa vidonge. Wengine wana endometriosisi, tishu kama ile ya ndani ya kizazi ikiota nje yake, mara nyingine hata kwenye kibofu, na huku mtaani wanaambiwa ni chango. Mjamzito ni habari nyingine kabisa: homoni ya projesteroni hulegeza mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo, mkojo unatuama, na bakteria wakionekana kwenye kipimo lazima atibiwe hata kama haumwi. Na mtu yeyote anayekojoa damu, au aliyetokwa damu baada ya hedhi kukoma, aende hospitali. Kichocho kipo pwani hii, na saratani ya shingo ya kizazi ipo.

Wifi hatimaye alionwa na daktari wa wanawake, akaandikiwa krimu hiyo ya estrojeni. Tulizunguka mjini hatukuipata. Ilikuja na basi kutoka Dar. Alipaka kila usiku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Mwezi wa pili akaanza kulala. (Aliyewahi kuugua saratani ya matiti azungumze na daktari wake kwanza.)

Tuna kliniki ya mama na mtoto, na nimeitumikia kwa moyo. Ila mwanamke akishamaliza kuzaa, kadi yake inaishia hapo. Naiomba Wizara swali la hedhi liingizwe kwenye mafunzo ya wahudumu wa zahanati, na krimu hii ipatikane hospitali za wilaya. Bima ya wifi ilizilipia zile sindano zote bila swali. Krimu ameinunua kwa fedha za samaki.

Mkunga mstaafu,
Chumbageni, Tanga