Dawa za kunyunyizia mimea zisipimwe kwenye chupa za maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie viuatilifu, yaani dawa za kuulia wadudu na magugu shambani, na saratani. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilisema glaifoseti, dawa ya kuulia magugu, yumkini husababisha saratani kwa binadamu. Wataalamu wa sumu huangalia kiasi cha kemikali na muda mtu anaokaa nayo. Mkulima atayajuaje hayo ikiwa amepimiwa dawa kwenye chupa ya maji isiyo na lebo? Huku Tengeru utamkuta kijana anaikoroga dawa kwenye ndoo kwa mkono mtupu, na jioni ndoo ileile inachotewa maji ya kupikia. Inaumiza sana.

Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iko hapahapa Arusha. Naiomba ikague maduka ya pembejeo hadi vijijini na kukomesha upimaji huo, na mabwana shamba wafundishe matumizi ya glavu na barakoa.

Mkulima wa nyanya,
Tengeru, Arusha