Wanaoomba DPT Marekani wahesabu kutoka siku ya mwisho kurudi nyuma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niwafikie vijana wanaotaka kusomea fiziotherapia Marekani, pamoja na wazazi wanaowalipia. Masharti ya udahili husomwa kana kwamba ni orodha ya alama: ukiwa na GPA, yaani wastani wa alama ambao juu kabisa ni 4.0, ya 3.0 umepita, huna umebaki. Ukweli ni kwamba kila sharti lina muda wake wa kuiva. Kemia huchukua mwaka mzima wa masomo, transkripti, yaani karatasi rasmi ya matokeo, huchukua wiki, na barua ya mwalimu inategemea kama bado anakukumbuka. Anayeanza kuyashughulikia mwaka uleule wa kuomba huwa amechelewa hata kama darasani anaongoza. Ndiyo maana nasisitiza: shika tarehe ya mwisho ya chuo unachokitaka, kisha hesabu kurudi nyuma, angalau miaka miwili.

Kwanza ijulikane shahada yenyewe ni ipi. Tangu 2016, programu zote za Marekani za kumwingiza mtu katika taaluma hii zinazotambuliwa na CAPTE, chombo cha ithibati, hutoa shahada ya udaktari wa fiziotherapia, yaani DPT. Kwa kawaida huchukua miaka 3, na ndani yake zimo wiki zisizopungua 30 za mazoezi ya kliniki kwa siku nzima. Unaingia ukiwa na shahada ya kwanza ya fani yoyote. Aliyesoma uchumi au muziki anaweza kuomba, ilimradi kozi tangulizi za sayansi anazo. Kabla ya kulipa hata senti moja, tafuta jina la chuo katika orodha ya CAPTE na uangalie hadhi yake. Programu mpya huandikwa kuwa ni mgombea wa ithibati. Inaruhusiwa kupokea wanafunzi, lakini hadhi hiyo haiahidi kwamba ithibati itakuja, na bila ithibati mhitimu hukwama mlangoni pa mtihani wa leseni. Wazazi waulize jambo hili kwa sauti, maana ndio watakaokuwa wamelipa.

Hapa niwageukie wale ambao tayari ni wafiziotherapia wa nchi nyingine. Msikimbilie DPT ya kuanzia moja kabla ya kuuliza njia ya pili, yaani tathmini ya mtaala wenu kupitia taasisi kama FCCPT, kisha mtihani wa leseni wa NPTE kwa masharti ya jimbo mnalotaka kufanyia kazi. Tathmini ikionyesha mapungufu, huenda kozi chache zikatosha kuyaziba. Kurudia miaka 3 yote kwa sababu hakuna aliyekuambia ni hasara kubwa mno.

Sasa turudi kwenye kalenda. Maombi mengi hupitia mfumo mmoja wa mtandaoni uitwao PTCAS, ambao kwa kawaida hufunguliwa katikati ya Juni kwa masomo ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo anayetaka kuingia darasani Agosti 2028 dirisha lake ni Juni 2027. Ifikapo siku hiyo, sehemu kubwa ya kozi tangulizi inapaswa iwe imeshakamilika na alama zake zinaonekana. Vyuo vingi huruhusu kozi chache ziwe bado zinaendelea, ila anayesoma maombi yako hawezi kukupima kwa alama ambazo hazipo.

Kozi zinazodaiwa mara nyingi ni hizi: kemia mihula 2 na maabara, fizikia mihula 2 na maabara, anatomia na fiziolojia ya binadamu mihula 2 na maabara, biolojia, takwimu, na saikolojia kozi 1 au 2. Vyuo vingine huongeza fiziolojia ya mazoezi. Ukiziangalia vizuri utaona tatizo. Kemia ya pili haiji kabla ya kemia ya kwanza, na fizikia ni vivyo hivyo. Vyuo vingi hufundisha sehemu ya kwanza katika muhula wa Agosti tu, hivyo anayekurupuka Januari hukuta mlango umefungwa na kupoteza takriban miezi saba. Akijaribu kufidia kwa kubeba kemia, fizikia, anatomia na biolojia kwa mpigo, hizo ni krediti 16 (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi) na maabara nne kwa wiki, na hapo ndipo alama za C huzaliwa. Maabara mbili kwa muhula zinamtosha mwanafunzi wa kawaida.

Kuna mitego midogo ndani ya kozi zenyewe. Kemia lazima iwe ile ya wanafunzi wa sayansi, si ile nyepesi ya kujazia ratiba. Fizikia isiyotumia kalkulasi kwa kawaida hukubaliwa. Anatomia ya wanyama haihesabiwi. Maabara za mtandaoni hukubaliwa na baadhi ya vyuo na kukataliwa na vingine. Vyuo vingi vinataka C au zaidi, na C- haitoshi. Vingine huweka ukomo wa umri wa kozi, miaka 5 au 10, na hilo huwaangukia watu wazima wanaorudi shule. Anayetoka chuo kinachotumia robo mwaka badala ya mihula akumbuke kwamba krediti 1 ya robo ni theluthi mbili ya krediti ya muhula. Sharti la krediti 8 za kemia kwake ni krediti 12, yaani vipindi vitatu vya robo mwaka, si viwili. Na aliyesoma nje ya Marekani aulize mapema sana kama chuo anachokitaka kinakubali sayansi za nje, kwa sababu vipo vinavyodai zisomwe katika chuo cha Marekani.

Jambo ambalo sioni likielezwa vya kutosha ni namna GPA inavyohesabiwa. Vyuo vingi humruhusu mwanafunzi kurudia kozi, na alama mpya hufuta ya zamani. PTCAS haifuti. Inahesabu majaribio yote. Chukua mwanafunzi aliyepata D katika kemia ya kwanza, krediti 4, akairudia na kupata A. Kozi zake nyingine za sayansi zina krediti 28, zote B+. Kwenye karatasi ya chuo chake D haipo tena. B+ ni 3.3, mara 28 ni 92.4. Ongeza 16 za ile A (4.0 mara 4), jumla ni 108.4. Gawanya kwa krediti 32 upate 3.39. PTCAS inairudisha ile D (1.0 mara 4): jumla inakuwa 112.4 kwa krediti 36, sawa na 3.12. Mwanafunzi alijiona yuko salama, kumbe yuko karibu na ukingo wa 3.0, na kiwango cha chini si kiwango cha wanaochaguliwa. Wanaodahiliwa kwa kawaida wako juu ya hapo kwa mbali.

Baadhi ya vyuo, baada ya kupokea hesabu ya PTCAS, hujihesabia vyenyewe na kuchukua alama ya mwisho tu, au hutazama krediti 60 za mwisho. Kwa mwenye D ya zamani, hivyo ndivyo vyuo vya kutafuta. Hesabu zote mbili zifanywe mezani, kwa kalamu, kabla ya kuchagua pa kuomba. Nawasihi pia walimu washauri waache kumwambia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, "Usijali, utairudia." Ni afadhali aiache kozi kabla ya tarehe ya kujiondoa na kubaki na W moja, alama ya kujiondoa, kuliko kubeba D ambayo itamfuata mpaka siku ya maombi.

Transkripti zinatakiwa kutoka kila chuo ulichowahi kuandikishwa, hata kama ulisoma kozi moja tu ya kiangazi, hata kama ulisoma kozi ya chuo ukiwa bado sekondari. Zinatumwa na ofisi ya usajili moja kwa moja. Ukituma nakala yako mwenyewe haihesabiki. Deni dogo la maktaba linaweza kuzuia transkripti isitoke, kwa hiyo akaunti zote ziangaliwe mwezi mmoja kabla. Za nje ya Marekani huhitaji tathmini ya kozi kwa kozi, na hiyo peke yake inaweza kula miezi ukijumlisha muda wa chuo chako cha nyumbani kutuma karatasi.

Saa za kushuhudia kazi ya mfiziotherapia hutofautiana kuliko sharti lolote: kuna vyuo visivyodai hata saa moja, na kuna vinavyodai 100 au zaidi. Vinavyodai huangalia pia mazingira, kwa mfano hospitali yenye wagonjwa waliolazwa pamoja na kliniki ya wanaokuja na kuondoka. Lazima umfuate mfiziotherapia mwenye leseni. Saa ulizokaa na msaidizi wake, au na mkufunzi wa mazoezi, kwa kawaida hazihesabiwi. Na hapa watu hupoteza kazi ya miezi: hawachukui uthibitisho siku ya mwisho. Mwaka unapita, yule mfiziotherapia amehama, barua pepe yake ya kazini imefungwa, na saa 40 zimeyeyuka. Siku unapomaliza, ondoka na karatasi yenye jina lake, namba ya leseni, idadi ya saa, tarehe na sahihi.

Barua za mapendekezo mara nyingi ni 2 au 3, moja ya mfiziotherapia na moja ya mhadhiri wa sayansi. PTCAS hupokea zisizozidi 4. Barua ya shangazi au ya rafiki wa familia ni nafasi iliyotupwa. Mwandishi hutumiwa kiungo kwa barua pepe, na kiungo hicho hupenda kuishia kwenye taka, basi mpigie simu siku hiyohiyo. Usimwombe mhadhiri aliyekufundisha katika darasa la watu 300 kama hujawahi kukanyaga ofisini kwake. Nenda muhula mzima ukiuliza maswali yako, ndipo atakuwa na la kuandika.

Insha ina ukomo wa herufi 4,500, nafasi zikihesabiwa, na ni moja kwa vyuo vyote, kwa hiyo jina la chuo kimoja lisionekane humo. GRE, mtihani wa jumla wa kuingia shahada za juu, vyuo vingi vimeiacha. Ukikuta chuo kinaidai, matokeo hudumu miaka 5. TOEFL, mtihani wa Kiingereza, hudaiwa kwa wengi waliosoma kwa lugha nyingine, na alama zake huisha baada ya miaka 2.

Mwisho ni tarehe yenyewe. Chuo kimoja kikisema 1 Oktoba kinaweza kumaanisha siku ya kubofya kutuma, kingine siku ambayo karatasi zote ziwe zimefika, na kingine siku ambayo PTCAS iwe imeshahakiki kila alama. Uhakiki huo huanza transkripti zikishaingia, na unaweza kuchukua wiki kadhaa. Anayetuma siku ya mwisho katika chuo cha aina ya tatu ameshachelewa wakati anabofya. Tena vyuo vingi hudahili kadiri maombi yanavyoingia, na viti hupungua kila wiki. Andika kwa ofisi ya udahili sentensi moja: "Tarehe hii ni ya kutuma, ya kukamilisha au ya kuhakikiwa?" Jibu wanalokupa lihifadhi, kisha ondoa wiki 6 kutoka hapo, na hiyo ndiyo tarehe yako.

Mshauri wa udahili wa shahada za juu